Hela ya Mteja Siyo Hela Yako: Mada Yangu kwa Vijana Kuhusu Matangazo ya Google

Haya ni maandishi ya mada niliyotoa kwenye semina ya vijana wetu hapa Arusha. Siku ile umeme ulikatika tukiwa katikati, spika zikazima, na waliokaa nyuma hawakusikia nusu ya pili. Wengi mkaomba niiweke hapa. Nimeiacha jinsi nilivyoongea, nimerekebisha kidogo tu.

 

Katibu aliponipigia nilijua anataka niongelee sheria, maana ndiyo ninayosomea. Nikaanza kukusanya vifungu. Akacheka, akasema hapana, sheria tutakuita siku nyingine, wewe njoo utuambie hiyo kazi unayofanya usiku, ya kuwatangazia watu biashara zao Google. Nikamuuliza, sasa hiyo inahusiana nini na siasa? Akanijibu kitu ambacho nimekifikiria wiki nzima: "Kijana asiye na kipato chake ni rahisi kununuliwa."

Na ni kweli, tumeyaona. Fulana, kofia, elfu kumi ya nauli, na mtu tuliyekuwa naye jana leo hapokei simu. Mimi simhukumu. Njaa haina kadi ya chama. Lakini kama tunataka vijana wanaoweza kusimama na kusema hapana, lazima tuwe na vijana wenye kitu mfukoni walichokipata wenyewe. Kwa hiyo leo sitahubiri. Nitawaeleza kazi, hatua kwa hatua, pamoja na hela za watu nilizopoteza wakati najifunza, ili nyie msizipoteze.

Anayetafuta ameshauliza

Tuanze hapa kwa sababu wengi wanachanganya. Ukilipia tangazo Instagram, unamkatiza mtu. Yeye anaangalia harusi ya rafiki yake, wewe unapita katikati unauza mabati. Anaweza kupenda, ila hakukuita.

Google ni tofauti. Pale mtu ameandika mwenyewe: "bei ya kuchimba kisima arusha". Yaani ameshauliza. Ni sawa na mtu aliyefika kwenye kaunta ya duka akasema, "Mangi, una chumvi?" Mtu huyo humpigii kelele. Unamjibu kama unayo, ni shilingi ngapi, na anaipataje. Kazi yote ya tangazo la utafutaji ni kujibu vizuri swali ambalo mtu ameshauliza. Mkisahau yote ya leo, hilo libaki.

Biashara hii siyo mpya. Mwaka 1998 kampuni moja ya Marekani, GoTo, ilianza kuuza nafasi za juu kwenye matokeo ya utafutaji kwa mnada. Google wakaleta yao Oktoba 2000, wakaiita AdWords, na walianza na watangazaji kama 350 hivi. Jina la Google Ads lilikuja 2018. Leo ndiyo inayowaingizia sehemu kubwa ya mapato yao. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba mwenye mtambo naye yuko kazini, anataka utumie hela. Hakuibii, ila hakulindi pia. Wa kumlinda mteja ni wewe.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila mtu anapotafuta, mnada unapigwa papo hapo, kwa sekunde isiyofika hata moja. Wote waliosema wanataka kuonekana kwa maneno hayo wanashindanishwa. Lakini siyo mwenye dau kubwa pekee anayeshinda, na hapo ndipo mtoto wa maskini ana nafasi. Google wanaangalia dau lako pamoja na ubora wa tangazo lako. Ndani ya akaunti utaona kila neno limepewa alama kuanzia 1 mpaka 10, zinazotokana na vitu vitatu: uwezekano wa watu kulibofya tangazo lako, kama tangazo linaendana na kilichoulizwa, na kama ukurasa wanaofikia unawasaidia. Wewe wa alama 8 unaweza kukaa juu ya kampuni kubwa yenye alama 3 na bado ukalipa kidogo kuliko wao kwa kila anayebofya.

Na unalipa pale mtu anapobofya. Akiona akapita, hulipi. Ndiyo maana swali la kwanza siyo wangapi wameona. Swali ni nani amebofya, na alikuwa anatafuta nini.

"Nimepata mtu mmoja, naye anataka kazi"

Sasa niwaambie jinsi nilivyojifunza.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye mtambo wa kuchimba visima. Rafiki wa baba. Mtu mwema, hajui mambo ya mtandao, ila aliniamini kwa sababu ya baba. Alinipa laki tatu. Nikafungua akaunti kwa barua pepe yangu, nikaweka maneno kama matano: kisima, visima, kuchimba kisima, uchimbaji, maji. Nikabonyeza "endelea, endelea" mpaka mwisho. Nikalala nikijua mimi ni mtaalamu.

Siku ya tisa zilikuwa zimetumika 186,000. Mzee akanipigia. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akasema, "Binti yangu, katika hela ile nimepata simu moja tu, na aliyepiga ameniuliza kama nina nafasi ya kazi."

Usiku ule ndiyo nikafungua kwa mara ya kwanza ripoti ambayo nilipaswa kuifungua siku ya pili: ripoti ya maneno ambayo watu waliandika kweli kabla ya kubofya. Wapendwa, nilitaka kulia. Kulikuwa na "nafasi za kazi uchimbaji visima". Kulikuwa na "uchimbaji wa madini mirerani". Kulikuwa na wanafunzi wanatafuta notsi za jiografia. Na kulikuwa na "kuota umetumbukia kisimani maana yake nini". Mzee wa watu amelipia tafsiri za ndoto!

Nilimwita akaunti ina matatizo? Hapana. Nilimwambia ukweli. Nilimpelekea ile orodha imechapishwa, nikamwonyesha mstari kwa mstari hela yake ilikwenda wapi. Halafu nikamrudishia laki moja kwa awamu tatu, kutoka kwenye boom. Kwa wasiojua chuo, boom ni hela ya mkopo ya kula. Nilikula wali maharage muhula mzima. Lakini mzee yule bado ni mteja wangu mpaka leo, na wateja wangu wanne waliofuata wametoka kwake.

Jinsi ninavyopanga sasa

Kosa langu la kwanza lilikuwa maneno. Google wanakupa namna tatu za kuweka neno. Ya kwanza ni pana: unawaachia wao waamue nini kinafanana na neno lako. Ya pili ni ya kifungu, unaweka ndani ya alama za kunukuu, nao wanatakiwa kubaki kwenye maana ya kifungu hicho. Ya tatu ni kamili, unaweka ndani ya mabano ya mraba, na hiyo ndiyo inayobana zaidi. Ukiandika neno tupu bila alama, umechagua pana bila kujua. Mimi nilichagua pana bila kujua.

Mwenye hela kidogo aanze na kifungu na kamili. Pana ina faida yake ukiwa na hela ya kujaribu na takwimu za kutosha za nani ananunua. Mzee wa laki tatu hana.

Kosa la pili: sikuweka maneno ya kuzuia. Haya ni maneno unayoiambia Google kwamba mtu akiyaandika, tangazo langu lisitokee. Kazi, ajira, nafasi, notsi, picha, ndoto, kuota. Na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu mafunzo ya Kiingereza huko YouTube hayatawaambia. Maneno ya kuzuia hayajiongezi yenyewe. Ukizuia "kuota" hujazuia "nimeota", "ukiota" wala "niliota". Kiswahili chetu kinabadilika mbele ya neno, kwa hiyo neno moja la kuzuia ni maneno sita. Mnyumbuliko mliokuwa mnauchukia shule unarudi hapa na unalipwa. Kaa chini uyaandike yote.

Vivyo hivyo kwa maneno unayoyataka. Mtu mmoja anaandika "kuchimba kisima", mwingine "wachimbaji wa visima", mwingine "nataka kuchimbiwa kisima", na wengi wanachanganya na Kiingereza. Usikae ofisini ukabuni. Nenda kwa mteja, kaa naye siku moja simu zikiingia, andika maneno ya wapigaji vilevile wanavyoyatamka. Kwa yule mzee niligundua kila mtu anauliza kitu ambacho mimi hata sikukifikiria: floraidi. Huku kwetu, chini ya Meru, maji ya ardhini mengi yana floraidi nyingi, mnaona meno ya watu. Mtu anaogopa kulipa mamilioni halafu maji hayanyweki. Hilo ndilo swali lake halisi, na lilikuwa halimo kwenye tangazo langu.

Kosa la tatu ni eneo. Ukichagua Arusha, mpangilio unaokuja wenyewe unajumuisha watu walioko Arusha na wanaoonyesha kupendezwa na Arusha. Yaani mtalii aliyeko Ufaransa anayesoma habari za Arusha naye anaweza kuhesabiwa. Badilisha, chagua walioko pale tu. Ila kuna ujanja: ndugu zetu walioko nje wanajenga nyumbani, na wanahitaji visima. Hao watengenezee kampeni yao peke yao, na bajeti yao na tangazo lao. Usiwachanganye kwenye chungu kimoja.

Kosa la nne: nilikubali kila kisanduku kilichotiwa tiki. Ukianzisha kampeni ya utafutaji, angalia kama imeunganishwa pia na tovuti washirika na mtandao wa matangazo ya picha. Kama hujui kwa nini ipo, toa tiki. Na ile sehemu ya mapendekezo inayosema akaunti yako imefikia asilimia fulani, ongeza hiki na kile, siyo mtihani wa NECTA. Soma kila pendekezo, kubali linalomfaa mteja, mengine yapige chini. Na zima ruhusa ya mapendekezo kujitekeleza yenyewe.

Mwisho, bajeti. Ukiweka elfu kumi kwa siku, siku moja Google wanaweza kutumia mpaka elfu ishirini. Wanachokuahidi ni kwamba kwa mwezi hawatazidisha bajeti ya siku mara 30.4. Mwambie mteja hivyo kabla hujaanza, mapema kabisa. Usipomwambia, siku akiona elfu kumi na tisa imetoka atakuona mwizi, na hutakuwa na la kumjibu.

Tangazo na ukurasa wake

Kichwa cha tangazo kina nafasi ya herufi 30 tu, pamoja na nafasi za katikati. Maelezo ni herufi 90. Unaruhusiwa kuweka vichwa mpaka 15 na maelezo mpaka manne, Google wanachanganya wenyewe. Kiswahili ni kirefu, kwa hiyo hesabu. "Uchimbaji Visima Arusha" inaingia. "Tunapima Maji na Floraidi" inaingia. "Sisi ni Kampuni Bora na ya Kuaminika" haiingii, na hata ingeingia nisingeiweka. Nani atasema yeye siyo wa kuaminika?

Andika kile ambacho mtu akikisoma atajua kama anakufaa au hakufai. Kama mteja wako hachimbi chini ya mita 60, sema. Kama hafiki Karatu, sema. Tangazo zuri linamfukuza asiyehusika kabla hajabofya, maana akibofya mnalipa.

Kisha ukurasa. Msiwalete watu kwenye ukurasa wa mbele wenye picha ya mkurugenzi anapeana mikono na mgeni rasmi. Mtu kauliza bei ya kisima, mpeleke kwenye ukurasa wa bei ya kisima. Kama bei inategemea udongo na kina, eleza inategemea nini na inaanzia wapi. Weka namba ya simu juu, kitufe cha WhatsApp, na picha nyepesi, kwa sababu mtu anatumia bando lake na simu yake siyo kubwa. Ukurasa ukichelewa kufunguka, keshaondoka, na mbofyo umeshalipiwa.

Halafu pima. Mbofyo siyo mteja. Weka Google ihesabu wanaobonyeza namba ya simu na wanaobonyeza WhatsApp. Na mnunulie mteja daftari. Siongei utani, daftari la mia tano. Kila anayepiga aulizwe, "Umetupata wapi?", iandikwe. Mwisho wa mwezi mnakaa mnalinganisha: hela iliyotumika, simu zilizoingia, kazi zilizopatikana. Kama ametumia laki mbili akapata kazi moja yenye faida ya milioni, endeleeni. Kama miezi miwili mfululizo haimlipi, mwambie asimame. Ndiyo, umwambie wewe. Kuna biashara ambazo watu hawazitafuti Google, na hakuna tangazo litakalobadilisha hilo.

Siku mtandao ulipozimwa

Nina mteja mwingine, dada mmoja anayepandisha wageni mlimani. Kilimanjaro tuliikwepa, huko kampuni kubwa zimepandisha dau mpaka huwezi kupumua. Tukachagua Mlima Meru, safari ya siku nne, na tukatangaza kwa Kiingereza Ujerumani na Uingereza. Ilikuwa inakwenda vizuri. Wageni wanaandika WhatsApp, dada anajibu ndani ya dakika kumi, wanalipa kianzio.

Ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Mnakumbuka. Mtandao ukazimwa nchi nzima, na ulianza kurudi tarehe 3 Novemba.

Najua kuna waliopoteza zaidi ya hela siku zile. Humu ndani wamo. Siweki msiba wao na bili ya matangazo kwenye mizani moja, na naomba msinielewe hivyo. Lakini nataka tuyataje na haya madogo, kwa sababu hayatajwi.

Tangazo la dada yule halikuzimika. Liko kwenye mitambo ya Google, linaonekana Ujerumani, na Ujerumani mtandao ulikuwepo. Mtu wa Berlin anatafuta, anabofya, dada anakatwa hela. Mgeni anaandika WhatsApp, kimya. Anaandika tena, kimya. Anaenda kwa kampuni nyingine, pengine nchi nyingine kabisa. Na mimi niliyepaswa kulisimamisha nimekaa chumbani na simu isiyofungua kitu, najua hela ya mtu inaondoka na siwezi hata kumwambia. Mtandao uliporudi, bajeti ya siku zote zile ilikuwa imekwenda, na kulikuwa na wageni tisa walioandika bila kujibiwa. Wawili tu ndio waliokubali kuendelea kuongea nasi.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inataja haki ya kuwasiliana na kutoingiliwa katika mawasiliano. Tukiisema kwenye jukwaa inasikika kama jambo la wanasiasa na waandishi wa habari. Nataka muione pia kama jambo la huyu dada na wapagazi wake, ambao hawakuongea siasa na walikosa kazi.

Tumebadilisha nini? Kwanza, kila kampeni sasa ina tarehe ya mwisho. Siku zenye wasiwasi zikikaribia naivuta karibu, ili tusipoweza kuingia, ijifunge yenyewe. Pili, ndani ya akaunti kuna kanuni unaweza kuziweka, kwamba matumizi yakifika kiasi fulani kampeni isimame, na zinafanya kazi hata wewe ukiwa huna mtandao. Tatu, dada amempa ndugu yake aliye nje ya nchi ruhusa ya kuingia. Siwezi kuurudisha mtandao, ila naweza kuhakikisha mteja wangu halipii kimya chake.

Mkataba, akaunti, na namba za watu

Sasa naomba dakika chache za sheria, nisije nikaonekana ada ya chuo inapotea bure.

Moja. Akaunti iwe ya mteja. Ifunguliwe kwa barua pepe yake, ilipiwe kwa kadi yake, wewe uunganishwe kwa akaunti yako ya usimamizi. Siku mkiachana anabaki na historia yake yote. Wapo wenzetu wanaoficha akaunti ili mteja asiweze kuondoka. Huo ni utekaji wa mali ya mtu.

Mbili. Andikianeni, hata ukurasa mmoja. Ujira wako ni kiasi gani, hela ya matangazo ni kiasi gani, na visichanganywe. Mteja akikupa laki tatu ya matangazo, ukatumia laki mbili na kubaki na laki kimyakimya, usiite faida. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima kuhusu uwakala, na wakala anatakiwa kutoa hesabu sahihi kwa aliyemtuma akiulizwa.

Tatu. Usitangaze uongo hata mteja akikulazimisha. "Maji Uhakika Asilimia 100" hakuna mchimbaji anayeweza kuahidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha wanunuzi.

Nne, na hili nimelifikiria sana kama nilisemee hapa. Nitalisema.

Kaka mmoja wa kwetu, wa humuhumu kwenye chama, ninayemheshimu sana, aliniomba orodha ya namba za watu waliojaza fomu kwenye ukurasa wa mteja wangu. Mamia ya namba, zote za mkoa huu, watu wenye uwezo wa kujenga. Akasema, "Mdogo wangu, si unipe tu tuwatumie ujumbe, kazi ni ya ukombozi."

Nilikataa. Wale watu walitoa namba zao ili waambiwe bei ya kisima. Hawakuzitoa kwangu wala kwa chama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake mmoja ni huo: taarifa itumike kwa lengo lililofanya ichukuliwe. Juu yake kuna Ibara ya 16 ya Katiba, ya faragha. Sisi wenyewe tumelalamika mara ngapi kupata ujumbe wa kampeni kutoka namba tusizozijua, tukajiuliza namba zetu wamezitoa wapi? Mtu kama mimi ndiye aliyezitoa. Kijana aliyekaa kwenye kompyuta, akaambiwa kazi ni muhimu, akatuma faili.

Kaka alinuna wiki mbili. Leo yuko humu ukumbini, na mimi na yeye tumeshayamaliza.

Namalizia

Kila mwezi wa nne ripoti ya CAG ikitua bungeni, sisi ndio wa kwanza kusambaza kurasa. Hela hii ilikwenda wapi? Nani aliidhinisha? Risiti iko wapi? Ni maswali mazuri, tusiache kuyauliza. Lakini siku mteja wako naye akikuuliza, elfu kumi yangu ya Jumanne ilikwenda wapi, uwe na jibu. Ufungue ripoti umwonyeshe: walibofya hawa, waliandika maneno haya, wawili walipiga simu, mmoja amelipa. Na kama uliharibu, umwambie uliharibu.

Mimi naamini mtu anayeweza kutoa hesabu ya laki tatu ya mzee wa visima ndiye ninayeweza kumpa kura ya kusimamia mabilioni ya halmashauri. Asiyeweza hili dogo, hata avae rangi zetu, simwamini na hilo kubwa.

Kwa anayetaka kuanza: wiki hii tafuta biashara moja mtaani kwako, ya mtu unayemjua. Usiombe hela kwanza. Kaa naye siku moja, sikiliza wateja wanauliza nini, andika maneno hamsini vilevile walivyoyasema. Njoo nayo Jumamosi, tutakaa tuyapange pamoja, yapi ya kuweka na yapi ya kuzuia. Laptopu ninayo moja, tutapokezana.